Saa ya mkononi ya kuhesabu hatua na usingizi: nimeivaa miezi mitano, nina Parkinson

Jumapili moja mwezi wa pili nilitembea hatua 11,460 nikiwa nimekaa. Magharibi ilipoadhiniwa saa ikanitetemekea mkononi, ikarusha fataki za rangi kwenye kioo chake na kuniandikia pongezi kwa Kiingereza. Siku nzima nilikuwa barazani kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tunaangalia mpira na kupiga soga, mkono wa kulia umelala pajani unafanya ile kazi yake ya kutetemeka. Jirani akazichungulia fataki, akaniuliza, "Fundi, umeshinda bahati nasibu?"

Nikamwambia nimeshinda mbio.

Nijitambulishe kwanza, maana anayesifu au kuponda kitu bila kusema yeye ni nani hafai kusikilizwa. Nina miaka 61, nashona nguo hapa Ngamiani, Tanga, tangu nikiwa kijana wa miaka 17. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili, niliambiwa ninao mwaka 2021. Mtaani wanaita ugonjwa wa Muhammad Ali, na mimi siwasahihishi. Ali alipokuja Dar mwaka 1980 nilikuwa mtoto wa shule, na mtu kunifananisha naye kwa lolote lile ni heshima. Haya maneno namtajia mjukuu wangu wa kidato cha pili, yeye anabonyeza simu. Herufi zikikosewa mlaumuni yeye. (Anasema hakosei.)

Saa yenyewe ililetwa na mwanangu anayefanya kazi Dar. Aliinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000. Jina lake silitaji, kwa kuwa nimeona saa hiyo hiyo, boksi hilo hilo, ikiuzwa kwa majina matatu. Kioo cha mraba, mkanda wa mpira mweusi, nyepesi mpaka unasahau kuwa umevaa. Chaji inakaa siku sita. Nimetawadha nayo miezi mitano na haijaingiza maji hata tone. Mkanda wake una vitundu na kipini cha kusukumia ndani, na hapo mtu ambaye vidole havimtii anakwama kabla hata hajaiwasha. Wiki ya kwanza mke wangu alikuwa ananifunga kila asubuhi kama anavyomfunga mtoto viatu. Nikachoka, nikaukata ule mpira, nikashona mkanda wa lastiki pana wenye ile nata ya kukwaruza ya viatu vya watoto. Kazi ya dakika kumi. Sijui kwa nini kiwandani hawakuifikiria.

Naipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Nitaeleza zimetoka wapi, na zile nyingine zimepotelea wapi.

Tuanze na hatua. Ndani ya saa mna kidude kinachohisi mkono unavyocheza. Mtu akitembea, mkono huenda mbele ukarudi nyuma, kidude kinahisi ule mpigo, kinahesabu. Ni akili nzuri kwa mtu ambaye mkono wake hucheza pale tu miguu inapokwenda. Wangu mimi hucheza zaidi nikiwa nimetulia. Ndiyo desturi ya mtetemeko wa Parkinson: huja mkono ukipumzika, mara nne hadi sita kwa sekunde moja, na ukiunyoosha kushika kitu mara nyingi hupungua. Wateja wangu hushangaa kuniona nimeshika mkasi nakata kitambaa kimenyooka kama kawaida. Nikiuweka mkasi chini ndio ngoma inaanza.

Mimi ni fundi, siamini kipimo ambacho sijakipima. Nilichukua tasbihi ya punje 99 nikampa mjukuu, nikamwambia tunatoka mlangoni hadi msikitini, kila hatua yangu punje moja. Akaizunguka mara nne na punje kumi na sita juu yake: hatua 412. Saa ilikuwa mkono wa kulia, ule wa ngoma, ikasoma 655. Kesho yake njia ile ile nikaihamishia kushoto. Tasbihi 405, saa 388. Nikafurahi, nikasema basi tumemaliza ugomvi. Siku ya tatu nikaenda nikisukuma baiskeli, mikono yote miwili imeshika usukani. Tasbihi 420, saa 61.

Kuna na jambo jingine ambalo mke wangu aliliona miaka kabla ya daktari. Mkono wa kulia uliacha kupunga nikitembea. Alikuwa akinicheka kwamba natembea kama mtu aliyebeba chupa ya mafuta ya taa isiyo na kifuniko. Tulidhani ni uzee, au kukaa sana kwenye cherehani. Kumbe mkono kuacha kupunga ni dalili ya mapema kabisa, na ugonjwa huu huanza upande mmoja kisha ukagusa na wa pili; siku hizi hata kushoto mpungo umepungua. Kwa saa, mkono usiopunga ni mtu asiyetembea. Kwa hiyo ina njia mbili za kunidanganya, ya kuongeza na ya kupunguza, na siku nyingine hutumia zote mbili kwa pamoja mpaka hesabu ikakaribia kweli kwa bahati.

Halafu hilo lengo lake la hatua 10,000. Nilidhani limetoka kwa madaktari. Kijana anayenifanyisha mazoezi ya viungo akanicheka, akaniambia mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kipima hatua cha kuvaa kiunoni ikakiita manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Jina la biashara tu, lilivyopendeza masikioni. Yeye kijana hajanitajia idadi hata siku moja. Anachotaka ni hatua kubwa: kisigino kitangulie, goti lipande, mkono niupunge kwa makusudi hata kama naonekana askari wa gwaride. Nikiburuta miguu ya kuku kutoka nyumbani hadi sokoni saa hufurahi, kwa sababu hatua ndogo ni nyingi. Nikitupa miguu inavyotakiwa, hesabu inashuka na fataki sizipati.

Na kuganda nako saa haikujui. Wenye ugonjwa huu wananielewa. Nafika kizingitini natoka chumbani kwenda uani, miguu inashikwa na sakafu kana kwamba imemwagiwa gundi, na kiwiliwili kinaendelea mbele. Nimeanguka hivyo mara mbili. Dawa yangu ya hapo ni chaki ya fundi: nimechora mistari mitano sakafuni kuvuka ule mlango, kati ya mstari na mstari urefu wa hatua moja nzuri. Nikiitazama, mguu unapanda wenyewe kuvuka mstari, kwa sababu sasa macho ndiyo yanayouongoza na ile njia ya ndani iliyoharibika haiulizwi. Mke wangu akipiga deki mistari inafutika, naichora tena. Chaki ni shilingi mia tatu, na imenisaidia kutembea kuliko kifaa cha elfu themanini na tano. Saa, mimi nikiwa nimeganda pale jasho linanitoka, huandika kwamba napumzika.

Sasa usingizi, na hapa ndipo nilipokasirika hasa.

Asubuhi ya kwanza baada ya kulala nayo ilinipa alama 91 kati ya 100. Eti nimelala kwa muda wa saa nane na dakika arobaini, na zaidi ya saa tatu katika hizo ni usingizi mzito. Mimi nilikuwa macho tangu saa saba usiku mpaka adhana ya alfajiri.

Nieleze usiku wangu ulivyo, maana asiyeujua ataona nailalamikia saa bure. Kidonge cha mwisho cha jioni nguvu yake huisha usiku wa manane. Nikizinduka hapo, mwili umegeuka gogo. Nimelala chali, nataka kulala ubavu wa kushoto. Wewe msomaji hujawahi kufikiri unageukaje kitandani, unageuka tu. Mimi lazima niipange kazi: kwanza goti la kulia nilikunje, halafu kiuno, halafu bega lifuate, halafu kichwa. Goti linakubali, kiuno kinakataa. Shuka imejisokota mapajani. Chandarua kimenigusa shavu na mbu mmoja yuko upande wa ndani, namsikia, mkono wa kumpiga upo lakini hauji. Pembeni mke wangu amelala, naye huamka saa kumi kukaanga vitumbua vya biashara, sipendi kumwamsha. Kwa hiyo natulia. Nasikia lori la mapema, nasikia jogoo wa jirani ambaye saa zake zimeharibika kama hii yangu, nasikia mabomba ya maji yanavyokohoa. Haja ndogo inanibana, naipigia hesabu nayo.

Muda wote huo saa iko mkono wa kushoto, usiotetemeka. Inaona mkono umetulia tuli. Kwake yeye, aliyetulia tuli amelala, tena amelala vizuri. Inapima kutochezacheza, halafu inakuita kutochezacheza usingizi. Kwa kijana mzima labda hakuna tofauti kubwa. Kwangu mimi dakika zile mbaya kuliko zote za siku nzima ndizo zinazopakwa rangi ya buluu iliyokolea, rangi ya usingizi mzito.

Hilo lingebaki kuwa mzaha kama nisingeipeleka simu kliniki. Daktari niliyemkuta siku hiyo hakuwa yule wangu. Mwanangu alikuwa ameniambia, "Baba, usiwaeleze kwa mdomo, waonyeshe grafu." Nikaonyesha grafu. Akaitazama, akasema, "Mzee, wewe unalala kuliko mimi," akaandika kwenye faili, nikatoka. Ningemwambia nini, na ushahidi nimeuleta mwenyewe? Nikaendelea na usiku ule ule wiki sita nyingine, mpaka daktari wangu aliporudi. Yeye simu hakuigusa. Alimgeukia mke wangu akamuuliza, "Mama, analalaje?" Mke wangu alizungumza robo saa nzima. Dozi ya mwisho ya siku ikabadilishwa siku hiyo hiyo.

Alipokuwa anazungumza alisema na lile la ndoto, ambalo mimi nilikuwa nalionea haya. Miaka mitano au sita kabla mkono haujaanza, nilikuwa napigana usingizini. Napiga kelele, natupa ngumi, narusha mateke. Usiku mmoja nilikuwa namfukuza mbwa aliyeingia dukani, nikazinduka mke wangu ameshika bega analia. Tulisema jinamizi. Wengine wakasema nimetumiwa kitu, tukasomewa dua, nikanywa kombe. Sijutii dua, lakini haikuwa hivyo. Daktari alitueleza kwamba mtu akiwa katika ule usingizi wa kuota, mwili wake hufungwa usicheze ili ndoto ibaki kichwani. Kwa watu wengine kufuli hilo hulegea, wanaifanya ndoto kwa viungo. Madaktari wawili wa Marekani, Schenck na Mahowald, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1986, na walipoendelea kuwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka wakakuta wengi waliishia kupata Parkinson au magonjwa ndugu zake. Kumbe ule ulikuwa mlango, na sisi tulikuwa tunaufukizia ubani.

Nikitazama nyuma naona ishara zilivyokuwa zimepangana. Pua ilikuwa imekufa: niliunguza sare ya mtoto wa watu kwa pasi ya mkaa, mtaa mzima wanasikia harufu, mimi niliyeishika pasi sisikii. Daftari langu la vipimo nalo lipo, ukilifungua kurasa za 2016 tarakimu ni kubwa kama za ubaoni, za 2020 zimekuwa sisimizi. Nilimshonea mwalimu mmoja suruali ya kiuno 33 wakati niliandika 38. Hatukuwa na jina la kuyakusanya yote hayo. Wala hatuko peke yetu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita kijiji kwa kijiji walichapisha mwaka 2008 kwamba katika eneo la watu 161,000 hivi walikuta wenye Parkinson 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Turudi kwenye saa. Usiku wa ndoto kubwa, ya mwezi uliopita, ilirekodi kwamba saa tisa usiku nilitembea hatua 43. Asubuhi nikamuuliza mke wangu kwa utani hizo hatua 43 nilikwenda wapi. Akafunua kanga akanionyesha mkono. Tangu siku hiyo kuna mto mrefu katikati yetu, na kitanda tumekikata miguu kiwe kifupi. Mkasi silali nao chumba kimoja.

Sasa la kugeuka. Hili halihusu saa, lakini kuna mtu atasoma hapa akiwa na gogo lake nyumbani. Nilibakiwa na kipande cha satini cha gauni la bibi harusi, karibu mita moja. Nikakishona katikati ya shuka, kukatisha upana wake, kuanzia mabega hadi chini ya makalio, huku juu na chini nikaacha pamba yenyewe. Mwili ukiwa juu ya satini unateleza, ukisukuma kwa goti kiuno kinafuata. Visigino vikiwa juu ya pamba vinapata pa kukanyagia. Shuka ya kwanza nilikosea: niliifikisha satini mpaka ukingoni mwa kitanda, usiku wa kwanza nikageuka vizuri sana, nikaendelea kugeuka, nikajikuta sakafuni na chandarua chote mwilini kama kambare. Acheni shubiri mbili za pamba kila upande. Na msilalie nguo za satini pia, moja inatosha.

Baada ya kuiponda hivi mtauliza nyota mbili na nusu za nini.

Moja na nusu ni za kukumbusha dawa. Natumia levodopa iliyochanganywa na carbidopa, mara nne kwa siku, na katika ugonjwa huu kuchelewa nusu saa si jambo dogo. Naanza kuganda kama cherehani iliyokosa mafuta. Tena lazima kidonge kitangulie chakula kwa nusu saa hivi, kwa sababu protini ya samaki au maharage hugombania njia moja nacho tumboni. Nikila kwanza, kidonge kinakaa foleni. Zamani mke wangu alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Baba Zuhura, dawa!" na wateja wote wanajua. Sasa saa inanigusa mkononi kimya kimya, saa kumi na mbili asubuhi, saa tano, saa kumi jioni, saa tatu usiku. Hata nikiwa msikitini hakuna anayejua. Haijakosa hata mara moja.

(Kuna waliokuja kuniambia niache vidonge nitumie mbegu za upupu. Si uzushi mtupu, upupu kweli una levodopa ndani yake. Lakini kijiko cha leo na cha kesho havilingani, na ukichanganya na vidonge unaweza kujizidishia. Mimi siugusi, kwanza nakumbuka shuleni tulivyopakazana.)

Nyota moja iliyobaki ni ya mapigo ya moyo. Ule mwanga wa kijani unaomulika chini yake unasoma damu inavyopita kwenye mshipa, na nimeulinganisha na kijana wa mazoezi akihesabu kwa vidole shingoni: tofauti ya mapigo matatu au manne, si mbaya. Nautumia kwenye baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina mjadala, na mimi baiskeli sijaiacha. Watu wanaoniona nimeganda mlangoni halafu dakika tano baadaye nakata kona ya barabara ya nane wanadhani naigiza. Siigizi. Mwaka 2010 daktari wa Uholanzi, Bas Bloem, na mwenzake walieleza habari za mgonjwa wao wa miaka 58 ambaye kutembea hatua chache bila kuanguka kulimshinda, lakini ukimpandisha baiskeli anaendesha vizuri na kukata kona. Picha zake za video zilizunguka dunia. Pedali inakupa mdundo, mguu mmoja unauita mwingine. Mtihani kwangu ni kushuka. Nashukia penye ukuta wa kushika, na barabara ya magari siiendi.

Kijana wa mazoezi aliniambia utafiti wa Marekani uliotoka 2018, wa watu waliokuwa ndio kwanza wamegundulika, uliwafanyisha wengine mazoezi ya mashine ya kutembea, wakipangiwa mara nne kwa wiki, moyo ukifika asilimia 80 hadi 85 ya upeo wake, na baada ya miezi sita ugonjwa wao ulikuwa haujasogea kama wa wale wasiofanya. Mimi si mgonjwa mpya, na daktari alinipima moyo kwanza. Tukaanza taratibu. Kwa umri wangu upeo anauhesabu 159, kwa hiyo ananitaka nifike kama 127. Alfajiri tatu kwa wiki naendesha kuelekea Raskazone kabla jua halijakolea, natazama kioo: 98, 110, 121. Upepo wa bahari ukiwa wa mbele nafika 127 bila kutaka.

Na hapa ndipo saa iliponiudhi mara ya mwisho. Usiku wa siku za baiskeli nalala vizuri zaidi. Badala ya kuzinduka saa saba nazinduka saa tisa, mara mbili nimefika alfajiri moja kwa moja. Si mimi tu. Kule Alabama watafiti waliwafanyisha wenye Parkinson mazoezi mazito mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, wakawalaza maabara na nyaya kichwani kabla na baada, usingizi wao ukaonekana umenyooka, nao utafiti ukachapishwa 2020. Lakini mimi nimelijuaje langu? Kwa daftari la vipimo. Nyuma ya ukurasa wa viuno na mabega naandika kila asubuhi: nilizinduka saa ngapi, niligeuka peke yangu au niliinuliwa, nilikwenda chooni mara ngapi, nilipiga kelele au la (hili anaandika mke wangu). Usiku wa baiskeli daftari linasema tisa na nusu. Usiku usio wa baiskeli linasema saba. Saa inasema 91, na 90, na 91.

Mwezi uliopita nikapata wazo. Mguu wangu hautetemeki, na mguu ndio unaotembea. Kwa nini saa ikae mkononi? Nikashona mkanda mwingine wa lastiki, mrefu zaidi, wenye bitana laini upande wa ngozi, nikaifunga kifundoni mguu wa kushoto. Mjukuu akaleta tasbihi. Msikitini na kurudi: tasbihi 830, saa 812. Nikisukuma baiskeli: tasbihi 418, saa 409. Nikikaa kuangalia mpira: sifuri, au tuseme kumi na mbili za kwenda kununua kashata. Mapigo ya moyo kutoka kule chini haisomi, kwa hiyo siku za baiskeli inarudi mkononi, na ukumbusho wa dawa nausikia hata mguuni. Usiku naivua, naiweka dirishani. Kasoro ni macho ya watu. Nikikunja suruali barazani mmoja anauliza kama ni hirizi, mwingine anauliza nina kesi gani mahakamani.

Jana nilishona kanzu mbili na suruali ya shule kwa cherehani yangu ya miguu. Adhuhuri haijafika saa ikasoma hatua 4,212, na sikuwa nimeinuka kwenye kigoda. Hizo nimeziandika daftarini kama zilivyo. Mjukuu anasema huo ni udanganyifu ule ule wa Jumapili ya mpira. Nimemwambia akae kwenye pedali ashone kanzu moja, mkono mrefu na pindo la chini, halafu aje tuhesabu upya.